Binti yangu anasema tusirudi kisiwani. Je, ana haki?

"Mwaka jana tulikwenda na familia kwenye kisiwa kidogo chenye hifadhi ya bahari. Ilikuwa siku nzuri, lakini nikikumbuka sasa naona aibu. Nahodha alitupa nanga juu ya matumbawe. Mwongozaji alituambia tusimame juu ya mwamba tupige picha, kisha akatoa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, majini tukapokezana kukishika. Binti yangu wa miaka 11 aliokota makombe na simbi za kujaza kopo zima. Mwaka huu amesoma habari za matumbawe shuleni na hataki hata kusikia safari hiyo, anasema wageni ndio wanaoua bahari. Baba yake anasema tukinunua losheni ya jua isiyodhuru matumbawe mambo yatakuwa sawa. Ila naye ana lake: eti hifadhi ndogo vile haina maana kwa sababu samaki hawajui mipaka, ni njia ya kukusanya viingilio tu. Mimi siogelei. Twende au tusiende? Na yale makombe, ambayo binti yangu hataki tena kuyaona, tuyafanye nini?"

Dada yangu, nianze na binti yako, maana ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko wote. Kuhusu nanga ana haki. Kuhusu kusimama juu ya mwamba ana haki. Kuhusu makombe pia ana haki, na nitakueleza kwa nini. Ninapotofautiana naye ni pale anapomfanya kila mgeni kuwa adui. Na baba yake losheni imemtuliza moyo kupita kiasi.

Wengi wetu tunapoona tumbawe tunaona jiwe. Jiwe ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni utando mwembamba wa nyama uliolifunika, nao ni maelfu ya wanyama wadogo waitwao polipi, wengi wao si wakubwa kuliko punje ya mtama. Ndani ya nyama yao wanaishi mwani wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wao. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe, hadi 90%, hutoka kwa wapangaji hao. Rangi nyingi unazoziona ni za mwani hao.

Sasa mtu akisimama hapo apige picha, hata kama hakuna kilichovunjika, amekanyaga ngozi ya mnyama aliye hai. Nyama husagika juu ya jiwe lake mwenyewe, na pale penye kidonda hupata nafasi mwani wa kawaida wa mwambani na maradhi. Kidonda kimoja hupona. Lakini mwamba wa mbele, ule wenye maji ya kina cha kifua ambako wageni wote huteremshwa, haukanyagwi mara moja. Kesho watakuja wengine wasimame palepale, kwa sababu ndipo picha hutoka vizuri.

Kasi ya ukuaji ndiyo inayonifanya nisilichukulie jambo hili kwa wepesi. Matumbawe ya matawi hukua haraka, mengine sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, ila hukatika kama kijiti kikavu. Yale ya mviringo ni magumu, lakini mengi hupanda sentimita moja hivi kwa mwaka. Ukikuta tumbawe la aina hiyo linalokufika kiunoni, huenda lilianza kukua kabla bibi yako hajazaliwa. Nanga ya chombo kidogo inaweza kulipasua kwa asubuhi moja. Tena nanga yenyewe si mbaya kama mnyororo wake. Chombo kinapogeuzwa na upepo na mkondo, mnyororo hufagia chini duara zima, na usipozama kutazama hutajua kamwe kilichotokea. Dawa yake ni nyepesi: boya la kudumu la kufungia vyombo, au nanga kutupwa kwenye mchanga mtupu. Hifadhi isiyokuwa na boya hata moja huku ikipokea vyombo kila siku imekuonyesha mengi kabla hujashuka majini.

Kisiwa kikiwa kidogo, shida hizi huongezeka kuliko unavyodhani, na si kwa sababu ya wingi wa watu peke yake. Kisiwa kidogo kina upande mmoja wenye kivuli cha upepo, ufuko mmoja wa kuteremkia, na labda mlango mmoja wa maji wa kupitisha chombo. Upepo ukikaza, vyombo vyote hukimbilia upande uleule. Kwa hiyo hata kama mwamba unakizunguka kisiwa chote, mzigo wa wageni huangukia kipande kidogo tu, ambacho mara nyingi ndicho chenye matumbawe laini zaidi kwa kuwa hakipigwi na mawimbi.

Kuhusu losheni nitasema kwa kifupi. Ni kweli kemikali mbili, oksibenzoni na oktinoksati, zimeonekana maabara kuwadhuru watoto wachanga wa matumbawe. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku losheni zenye kemikali za namna hiyo kuanzia Januari 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa zenye hizo mbili kuanzia Januari 2021. Lakini majaribio mengi yalitumia viwango vikubwa kuliko vinavyopatikana kwa kawaida baharini, na maneno "salama kwa matumbawe" juu ya chupa hayana kipimo kimoja kinachokubalika duniani. Njia ya uhakika ni nguo. Fulana ya mikono mirefu, suruali ya kuogelea na kofia mkiwa nje ya maji. Usoni na shingoni pakeni mnachohitaji, kisha ngojeni kikauke kabla ya kuingia majini. Lakini kumbukeni kwamba mtu mwenye losheni bora kabisa, akisimama juu ya tumbawe, amedhuru kuliko yule mwenye losheni ya kawaida anayeelea.

Tumjibu sasa baba. Hoja yake ina uzito na haifai kupuuzwa. Mwaka 2014 wanasayansi walitoa utafiti wa hifadhi 87 za bahari duniani, wakapata mambo matano yanayoifanya hifadhi ifanye kazi: uvuvi uwe umepigwa marufuku kabisa, sheria isimamiwe kwelikweli, hifadhi iwe imetimiza zaidi ya miaka 10, ukubwa uzidi kilomita za mraba 100, na iwe imetengwa na kina kirefu au mchanga mpana. Hifadhi 59% zilikuwa na moja au mawili tu kati ya hayo, na kwa ujumla samaki wake hawakutofautika na wa maeneo yanayovuliwa. Kwa hiyo kuna hifadhi za karatasini, na viingilio hulipwa. Hapo baba hajakosea.

Ila kwenye udogo ameteleza. Hifadhi ya kisiwa kidogo mara nyingi haifiki kilomita za mraba 100, lakini yale mengine inaweza kuyapata. Kutengwa wakati mwingine hupewa na maumbile, kwa maana mwamba wa kisiwa mara nyingi umezungukwa na maji ya kina. Umri ni subira. Marufuku na usimamizi ni kazi ya watu. Kule Ufilipino, kwenye kisiwa cha Apo, wenyeji walifunga kipande cha mwamba chenye urefu wa kama nusu kilomita mwaka 1982, wakisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Silliman. Samaki wakubwa waliongezeka mle ndani mwaka hadi mwaka, na baadaye wavuvi wakaanza kupata zaidi karibu na mpaka. Samaki hawajui mipaka, sawa, na ndiyo sababu hifadhi inamfaa mvuvi: wanaojaa ndani humwagikia nje. Tena samaki jike akizidi urefu mara mbili, uzito wake hufika kama mara nane, na mayai yake kwa spishi nyingi huzidi hata mara nane. Chewa wachache wazee waliolindwa mahali padogo wanaweza kuwa mama wa samaki wengi wanaokulia mbali.

Jambo moja hifadhi yoyote, kubwa kwa ndogo, haiwezi kulizuia, nalo ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto zaidi kwa nyuzi moja ya Selisiasi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe huwafukuza mwani wake na kupauka. Joto lisiposhuka mapema, hufa kwa njaa. Ilitokea kwa ukubwa mwaka 1998, ikarudi 2016, na mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba upaukaji wa dunia nzima umetokea kwa mara ya nne. Mlinzi mwenye boti hawezi kupunguza joto la bahari. Anachoweza ni kuulinda mwamba ili upate nafasi ya kupona. Samaki kama pono na tasi wakiwepo wengi, hula mwani unaovamia matumbawe yaliyokufa, na watoto wa matumbawe hupata jiwe safi la kujishikiza. Pasipo hao, mwani hufunika kila kitu na mwamba hauinuki tena kwa miaka mingi.

Hapo ndipo mgeni anapoingia, na hapa naomba binti asome mwenyewe. Mlinzi anayekesha kwenye boti usiku anahitaji mafuta na mshahara. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Eneo lake la mwamba halifiki kilomita moja ya mraba. Walinzi wake ni watu waliowahi kuwa wavuvi, na gharama zimekuwa zikilipwa kwa fedha za wageni, ambazo hugharimia pia safari za wanafunzi wanaokwenda kujifunza pale. Utaratibu huo una udhaifu wake. Wageni walipokoma kusafiri mwaka 2020, hifadhi nyingi za aina hii duniani ziliachwa bila mapato huku kazi ya ulinzi ikiwa palepale. Lakini mpaka mwingine apatikane wa kulipa, ukisema wageni wote wasiende, umesema pia mlinzi aende nyumbani.

Basi uamuzi wenu si kwenda au kutokwenda tu. Ni kwenda wapi, na nani. Kabla ya kulipa, piga simu uulize maswali machache. Chombo kinafungwa wapi? Siku moja hupokewa wageni wangapi, na wakizidi inakuwaje? Uvuvi umefungwa kabisa au kwa wageni tu? Nani anayelinda usiku? Na swali ambalo wengi hulisahau: kijiji kilichokuwa kikivua hapo kinapata nini? Mtu aliyeachia eneo la babu yake ili wewe uje kutazama samaki ndiye aliyelipa kiingilio kikubwa kuliko chako. Asipopata mgao, atarudi na wavu usiku, na mimi siwezi kumlaumu yeye peke yake. Kule Misali, Pemba, masimulizi ya wenyeji yanasema Nabii Hadhara aliomba msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa hicho chenyewe kilichoelekea kibla kiwe msala wake. Viongozi wa dini wametumia mafunzo ya Uislamu kuwakumbusha wavuvi wajibu wa kutunza walichopewa, na ujumbe huo umegusa watu ambao tangazo la serikali peke yake halikuwafikia.

Ukijibiwa vizuri, nendeni. Mwongozaji akijibu "kila mahali tunatupa nanga, hakuna shida", tafuteni mwingine, na mwambieni kwa nini mnamwacha. Mara nyingi anayesimamisha wageni juu ya mwamba hana nia mbaya. Anaogopa kumkatalia aliyemlipa. Mgeni akisema mapema, "sisi hatutaki kushika wala kukanyaga", amemtua mzigo. Hata kile kiti cha pweza mlichopokezana hakikuhitaji kutolewa. Hupumua ndani ya maji, na kila dakika mikononi mwenu ilikuwa dakika ya kukosa hewa.

Wewe usiyeogelea usijione mzigo. Kwa mwamba, mtu aliyevaa jaketi la kujiokolea ni mgeni mwema kuliko muogeleaji wa nusu. Jaketi linakuweka juu ya maji, huhitaji kusimama ili kupumzika. Wanaovunja zaidi ni wale wanaochoka au ambao miwani yao imeingia maji, wakasimama ili kuitengeneza. Jifunzeni miwani na mrija kwanza mahali penye mchanga mtupu, mpaka mtoto aweze kumwaga maji kwenye miwani huku akielea. Ingieni maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mwamba unakuwa karibu na tumbo na hakuna njia ya kupita bila kugusa. Wewe shika boya au mkono wa mwongozaji, na mkondo ukiwa mkali, baki chomboni bila aibu yoyote.

Nchi kavu ya kisiwa watu huisahau, na kwangu mimi ni nusu ya mambo yote. Nitaanza na panya. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha visiwa vya funguvisiwa la Chagos katika Bahari ya Hindi, vile vyenye panya na visivyo nao. Pasipo panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760. Kinyesi cha ndege hao huoshwa na mvua kikawa mbolea ya mwamba, na samaki wa miamba iliyo kando ya visiwa hivyo walizidi kwa uzito kwa 48%. Panya hula mayai na makinda juu, samaki hupungua chini. Na panya husafiri kwa chombo, ndani ya mizigo, mashuka na magunia ya chakula. Kwenye kisiwa cha Cousin huko Ushelisheli, ambacho hakina panya, vyombo vya nje haviruhusiwi kutia ufukweni. Wageni huhamishiwa kwenye boti ya hifadhi. Ninyi fungueni mabegi kabla ya kupanda, kung'uteni viatu, funga chakula kwenye chombo chenye kifuniko. Takataka zote, pamoja na maganda ya matunda, zirudi nanyi. Na mtakapoona ndege wanaruka wakipiga kelele, rudini nyuma: yai lililoachwa juani huharibika upesi.

Kama mtalala, ulizeni choo kinakwenda wapi. Mchanga wa kisiwa hupitisha maji haraka, na kinachomwagwa leo kwenye shimo hufika mwambani kikiwa mbolea ya mwani. Usiku taa ziwe chache na ziangalie chini. Watoto wa kasa wanaoanguliwa hufuata upeo wenye mwanga, na mwanga huo unapaswa kuwa bahari, si veranda yenu.

Na mchanga. Kwenye visiwa vya matumbawe karibu wote umetengenezwa na viumbe. Ni vipande vya matumbawe, vya mwani wenye chokaa, na vya makombe. Pono hutafuna jiwe la tumbawe akitafuta chakula, akatoa unga, na pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Kisiwa kidogo kinaishi kwa kupata mchanga mpya mwingi kuliko unaochukuliwa na bahari, na miti ndiyo huushikilia. Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani, Tanzania, kilikuwa na mivinje na kasa wengi wa kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika. Kasa bado huja kutaga pale, na watu hulazimika kuhamishia mayai ufuko wa bara yasizame.

Mambo machache hayawezi kujibiwa kwa maandishi. Mtu mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au maumivu ya masikio amwone daktari kabla ya kuingia majini na mrija, na zaidi sana kabla ya kuzamia kwa mtungi. Mjamzito asizamie kwa mtungi kabisa. Mkwaruzo wa tumbawe usafishwe siku hiyohiyo kwa maji safi na sabuni, na ukivimba au ukitoa usaha nenda zahanati, kwa sababu vidonda hivi huharibika haraka. Aliyechomwa na samaki mwenye miiba ya sumu atumbukize mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia bila kuungua, huku akikimbizwa hospitali. Konokono mwenye umbo la pia msimguse hata akionekana amekufa, baadhi yao wana sumu inayoua. Na mkimwona mtu akitupa baruti au akichukua kasa, msimkabili. Andikeni saa, mahali na sura ya chombo, kisha mpelekeeni ofisa wa hifadhi ana kwa ana.

Nimeyaacha makombe mwisho. Yaliyookotwa matupu ufukweni hayakuwa takataka. Kaa wengi huyahamia na kuishi ndani yake, na wakikosa gamba la kuwatosha hubaki wazi kwa ndege na jua. Yasiyopata mpangaji yangesagika kuwa ule mchanga tuliouzungumza. Lakini msiyatupe kwenye ufuko wowote wa karibu. Gamba likitoka mahali pengine laweza kubeba viumbe na maradhi, na mkiyamwaga ufukweni atakuja mgeni mwingine ayaokote. Yasafisheni kwa maji yasiyo na sabuni, yakaushe juani, yafungeni kwenye karatasi. Kisha pigeni simu hifadhi ileile mlikoyatoa muulize kama watayapokea. Siku ya safari binti yako ayabebe mwenyewe, amkabidhi mlinzi mkononi, na amwonyeshe ni ufuko upi aliyaokota, ili yarudishwe pale pale juu ya alama ya maji kujaa.